Kompyuta Iliyokula Barua ya Elina

Wasichana wa Nshambya walikuwa na neno lao ambalo mitaa mingine ya Bukoba haikuwa nalo. Msichana akificha hela ndani ya kopo la unga, amesipara. Akimwekea mdogo wake kiporo cha ndizi na maharage, amesipara. Hata mwalimu wa kwaya aliwahi kusikika akiwaambia wanakwaya wazisipare sauti zao kwa ajili ya Jumapili, na hakuna aliyecheka. Neno hilo lilitoka sebuleni kwa Mama Koku, na kilichotoka sebuleni kwa Mama Koku kilikuwa na heshima yake.

Sebule yenyewe ilikwisha kuacha kuwa sebule. Makochi yalihamishiwa chumbani, ukutani ikasogezwa meza ndefu, na juu ya meza zikapangwa kompyuta kuukuu zenye visogo vikubwa, zile ambazo ofisi za watu zimeshatupa. Juu yake, ukutani, palikuwa na kalenda ya dayosisi na ubao mweusi. Mgeni akija alikalishwa kwenye kiti cha mwanafunzi, na akiwa na bahati mbaya alipigwa na somo.

Mama Koku, jina lake Agnetha, aliishia darasa la saba. Kompyuta alifundishwa na Sista Gunvor, shemasi wa Kizungu aliyekaa usharikani mpaka nywele zikawa nyeupe. Sista alikijua Kihaya kuliko watoto wengi wa mjini. Alisalimia kwa Kihaya, alitania kwa Kihaya, alifukuza mbuzi wa watu bustanini kwa Kihaya, basi hakuna aliyewahi kujiuliza kwao wanasema nini. Alipostaafu akarudi Ulaya, alimwachia Agnetha mashine zake na diski moja ndani ya bahasha. Akamwambia mashine ikifa, fundi atumie diski hiyo, itafufuka.

Agnetha alifundisha kama alivyofundishwa.

"Hapa juu ni Arkiv. Bonyeza. Teremka mpaka Spara. Umesipara? Kama hujasipara umefanya kazi ya bure."

Wachache waliopitia sekondari walinong'ona. Siku moja mmoja wao akathubutu. "Mwalimu, mbona hiki si Kiingereza?"

"Nani alikuambia ni Kiingereza? Daktari ana maandishi yake, na kompyuta ina lugha yake. Wewe jifunze, waitu."

Wakajifunza. Kwa kweli walijifunza vizuri, vidole vyao vilikwenda mbio kwenye zile herufi mpaka raha kutazama. Mashine zilikuwa na kasoro moja tu, na Mama Koku hakuificha. Zilikuwa zinakula. Mtu anamaliza kuandika, anasipara, mara kinatokea kisanduku chenye maneno. Mwalimu alifundisha kwamba kikitokea kisanduku usibabaike, bonyeza kitufe cha kwanza, kile cha Ja, kitaondoka. Na kweli kiliondoka. Ila mara nyingine kikishaondoka, kazi ya mtu mwingine inakuwa haipo tena. Imeliwa.

Ndivyo ilivyoliwa barua ya Elina. Elina alitoka Bilele, binti mwenye macho ya kulala na mikono isiyolala. Aliandika barua ya kuomba ukarani katika zahanati, akaandika na maelezo ya maisha yake, akayarekebisha siku baada ya siku mpaka yakanyooka. Siku ya kuchapa, hayakuwepo. Badala yake, kwa jina lilelile la Barua, ilikuwepo barua ya mwenzake ya kumsalimu shangazi. Alilia, akaandika upya akiwa anapenga kamasi, na alipoifikisha, nafasi ilikuwa imekwisha kupata mtu. Tangu hapo asubuhi aliuza mandazi sokoni, mchana alirudi darasani na ndoo yake karibu tupu, ndani yake amemsiparia mwalimu mandazi mawili. Hakumlaumu mtu. Utamlaumuje mtu wakati aliyekula ni mashine?

*

Nyumba hiyo iliishi kwa jina la mwalimu. Mwesiga, mume wa Agnetha, alikuwa mpima mizani kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa mpaka kiwanda kilipopunguza watu, na tangu hapo alikuwa mzungumzaji. Kibanja chao kidogo kiliwapa ndizi za kula tu. Ada za wasichana zilikuja kwa kudonadona, nyingine zilikuja zikiwa mkungu wa ndizi za bitoke. Koku, binti yao, alikuwa amemaliza kidato cha nne na sasa alikuwa nyumbani akisubiri, na asingeweza kusema anasubiri nini.

Kwa hiyo Machibya alipoingia na furushi la dagaa begani, alipokelewa vizuri. Huyu alikuwa Msukuma, mchuuzi wa dagaa kutoka visiwa vya Muleba, na mke wake Rozi alikuwa mwanafunzi mahiri kuliko wote hapo mezani. Mwesiga alimletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Machibya alichukua punje moja, akaitafuna kwa adabu kama anayetafuna dawa.

"Mama, nimetumwa," alisema. "Chama chetu cha wachuuzi kimepewa kompyuta na wafadhili. Za zamani, lakini zinawaka. Ziko ofisini Muleba mjini zimefunikwa mashuka. Katibu wetu anazitazama tu. Nikawaambia, mimi namjua mwalimu."

"Wanataka mafunzo ya siku ngapi?" Agnetha aliuliza.

"Si ya siku. Wanataka mwalimu wa kukaa. Awaandikie mambo ya chama na awafundishe vijana wao. Mshahara wa kila mwezi."

"Kila mwezi?" aliuliza Mwesiga.

"Kila mwezi, mzee."

Mwesiga alisogeza kikapu cha kahawa karibu zaidi na mgeni. Agnetha alitazama mikono yake. Maisha yake yote aliitwa mwalimu na watu waliomjua, na hakuna karatasi hata moja iliyomwita hivyo. Sasa watu wasiomjua walitaka kumwita, tena kwa mshahara. Aliogopa na akafurahi, na hakujua kipi kilitangulia.

"Kuna sharti moja," Machibya aliongeza. "Mashine ziwekwe sawa kwanza, ziwe kama hizi zako. Halafu kamati ikuone ukifanya kazi. Wakiridhika, umepata."

"Ziwe kama hizi zangu," alirudia Agnetha, na moyo wake ukatulia.

*

Mujuni alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda Bilele, kimejaa simu zilizofunuliwa matumbo. Alikwenda Muleba akarudi na habari mbaya.

"Mama Koku, zile mashine ni wazee. Nimejaribu kupiga Windows mpya, zinakwama hapo hapo kwenye nembo, zinahema. Kumbukumbu yake ndogo. Inabidi tupige ya zamani."

"Ndiyo ninayoitaka."

"Tatizo ya zamani siku hizi huipati. Niliyokuwa nayo nimemwazima mtu, na mtu mwenyewe amehamia Mwanza."

Agnetha aliingia chumbani, akachomoa bahasha chini ya godoro, akamkabidhi kwa mikono miwili. Diski ilikuwa safi kana kwamba imetoka dukani jana.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Nilipewa na Sista."

Mujuni aliipindua kwenye mwanga. Kwa wino wa kalamu palikuwa na maneno asiyoyafahamu, lakini yeye alizoea maneno asiyoyafahamu. Kazi yake nzima ilikuwa hayo.

Alirudi Muleba na diski. Alifuta kila kilichokuwemo ndani ya zile mashine, maana ndivyo kazi ilivyo, huwezi kupanda mbegu mpya bila kung'oa visiki. Akaitumbukiza, ikanguruma, mstari wa rangi ukaanza kutambaa kwenye kioo. Mashine ilipouliza swali, Mujuni alijibu kwa kukumbuka mahali pa vitufe, kama mtu anayepita gizani kwenye nyumba aliyowahi kulala. Ilipomaliza alikuta kioo kizuri cha buluu, na maneno ambayo hakuwahi kuyaona popote. Alipiga simu Nshambya.

"Mama, imekubali. Ila maandishi yake siyaelewi. Pameandikwa Arkiv."

"Na pembeni?"

"Redigera."

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Hujakosea."

Mujuni alitaka kusema kitu. Lakini yule alikuwa mwalimu na alisema kwa uhakika, na fundi anayebishana na mwenye mashine hulala njaa. Akaipiga na kwenye zile nyingine zote.

*

Siku ya kamati Mwesiga alivaa koti alilofungia ndoa. Alikuwa amekwisha kutangaza safari hiyo kila alipokunywa kahawa, na fundi wa bati alikwisha kuja kupima paa. Agnetha alivaa kitenge kipya na viatu vya kuazima kwa dada yake, vya kubana.

Ofisi ya chama ilinuka dagaa na rangi mbichi. Wanakamati walikaa kwenye mabenchi, wengi wao watu wa visiwani wenye ngozi zilizopigwa na jua la ziwani, wamevua kofia kwa heshima. Mwenyekiti alikuwa Sospeter, mtu mzito wa mwili, asiye na haraka. Katibu, Buberwa, alikuwa na stashahada, na alikuwa ameileta kalamu yake mwenyewe. Machibya alisimama nyuma karibu na Rozi, kifua mbele, kama baba wa bibi harusi. Mujuni alikuwa mlangoni.

"Karibu, mwalimu," Sospeter alisema. "Tumeisikia sifa yako. Katibu, hebu kaa wewe kwanza, mwalimu akuelekeze."

Buberwa alikaa. Akatazama kioo. Akasogea, akatazama tena, kisha akageuka taratibu.

"Mwalimu, hapa pameandikwa nini?"

"Skriv ut. Hapo ni kuchapa."

"Sikuulizi kazi yake. Ni lugha gani?"

"Lugha ya kompyuta," alisema Agnetha.

"Kompyuta ya chuoni kwetu ilikuwa ya Kiingereza. Ya benki ni ya Kiingereza. Hii ni ya nani?"

Benchi la mbele lilianza kucheka, kisha la nyuma likacheka kwa sababu la mbele limecheka. Agnetha alimtazama mume wake. Mwesiga alikuwa akitazama kifungo cha koti lake.

"Fundi," Sospeter alisema. "Rudisha ile iliyokuwemo."

"Haipo, mwenyekiti. Nilifuta. Ndivyo inavyofanyika."

"Basi weka mpya."

"Mpya hazikubali. Ya zamani niliyonayo ni hiyo tu. Mama alisema ndiyo yenyewe."

Macho yote yalimrudia Agnetha. Sospeter alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa kununua na kuuza, na mtu wa namna hiyo akishauziwa kitu huanza kuuliza kitamfaa nini.

"Mimi sijali hata ikisema Kirumi," alisema. "Nauliza hivi. Nani anaweza kuniandikia barua kwenye mashine hii, sasa hivi, nikaishika mkononi?"

"Mimi," alisema Agnetha.

Akaketi. Na hapo ndipo likamtokea jambo ambalo hakulitegemea. Siku zote mkono wake ulikwenda wenyewe, jicho likifuata nyuma. Leo jicho lilitangulia. Liliona Arkiv likauliza, ni nini hii? Liliona Redigera likauliza, na hii? Kila neno lilikuwa na uso wa mgeni, na mkono ukasimama hewani ukisubiri kuambiwa. Alibonyeza pa kwanza, pakafunguka kitu asichokitaka. Alibonyeza pa pili, pakafunga kila kitu. Hakuelewa imekuwaje asahau nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Naomba dakika," alisema.

Walimpa, na dakika ikapita.

"Rozi," aliita Sospeter, "si wewe pia umesoma huko?"

Rozi alimtazama mwalimu wake, akamtazama mume wake. Alikuja, akakaa pembeni ya kiti kilekile kwa sababu Agnetha hakuinuka, akaandika. Vidole vyake vilikwenda mbio. Arkiv, Spara, Skriv ut. Mashine ya kuchapa ikakohoa, karatasi ikatoka. Mzee mmoja wa visiwani aliichukua, akaisoma kwa sauti, akasema kwa mshangao, "Mbona imetoka kwa Kiswahili?"

Wakacheka tena, safari hii kicheko kingine.

"Kumbe," Sospeter alisema. "Inafanya kazi."

Waliongea kwa kifupi nje, chini ya dirisha, na ndani kila kitu kilisikika. Mke wa Machibya ni wa kwao. Hatalipiwa nyumba. Mashine hizi sasa anaziweza yeye, na hata wangemleta profesa kutoka Dar asingeziweza. Waliporudi Sospeter alimshukuru mwalimu kwa kuwafundishia mtu wao, akamtilia nauli mkononi mbele ya watu wote, akaagiza aletewe soda.

Agnetha aliinywa. Aliona kwamba asipoinywa watasema amekasirika.

Machibya aliwasindikiza mpaka kituoni pamoja na Rozi. "Mama, umeniaibisha," alisema. "Halafu mke wangu amepata kazi. Sijui nikasirike au nicheke."

"Hata mimi sijui," alisema Agnetha.

Rozi alishika mkono wa mwalimu wake akapiga goti kidogo, kama alivyofanya kila siku darasani, na hilo ndilo lililomwuma Agnetha kuliko kicheko.

*

Nyumbani Koku alisikiliza habari yote, akaingiza neno moja moja kwenye simu yake.

"Mama, ni Kiswidi."

"Kiswidi ndiyo nini?"

"Lugha ya kwao Sista."

Kwa miaka yote hiyo Agnetha alidhani maneno yale yalizaliwa ndani ya mashine. Sasa aliambiwa kuna nchi ambayo watu wanayasema barabarani, wanagombeza watoto kwayo, wanaombea chakula. Sista Gunvor, aliyefukuza mbuzi kwa Kihaya, kumbe alikuwa akiota ndoto zake kwa maneno haya. Alijaribu kuwaza Sista akisema Redigera kumwambia mama yake. Haikuwezekana.

"Na Spara?" aliuliza. "Spara maana yake nini?"

"Kuhifadhi. Hata kuweka akiba."

"Basi sikuwadanganya."

"Hukuwadanganya?" Mwesiga alisema kutoka mlangoni. Koti alikwisha kulivua, alikuwa amelikunja kwapani. "Watu wamelipa ada ya kompyuta, umewafundisha Kiswidi. Kesho nitapita wapi mimi? Fundi wa bati nitamwambia nini?"

"Mwambie paa bado linasubiri."

"Ile diski ichomwe."

"Haichomwi. Sista hakuniwekea sumu, Baba Koku. Alinipa alichokuwa nacho. Mimi ndiye sikuuliza."

Mwesiga alitaka kujibu, akamwona mkewe anavua viatu vya kuazima, visigino vimechubuka. Alikwenda jikoni kuchemsha maji. Yeye huyu alikuwa hajachemsha maji tangu kiwanda kimwache.

*

Habari ya Muleba ilitangulia kufika darasani. Agnetha aliwaambia wasichana mwenyewe hata hivyo, amesimama mbele ya ubao, bila kuzunguka. Maneno mliyojifunza ni ya nchi ya watu. Kazi ya mikono ni ileile, lakini kwenye mashine za watu wengine maneno ni mengine, na mimi mengine siyajui. Nitayajifunza pamoja nanyi, Koku atatusaidia. Anayetaka kuondoka, sitamshika.

"Sasa sisi tutafanya kazi wapi?" aliuliza mmoja.

Agnetha alifikiri. "Kwa sasa, Muleba," alisema, na hakuwa anatania.

Wengine walichukua mikoba yao. Mama mmoja alikuja mchana uleule kuulizia ada ya mwanawe, akaondoka na mkungu wa ndizi na maneno matamu. Mwanafunzi mmoja alibaki kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa na kelele. Elina alibaki bila kutoa sababu. Aliweka ndoo yake chini ya meza, akakaa mahali pake pa siku zote.

Siku zikaenda hivyo, darasa likiwa limepungua na mwalimu akiwa amepungua sauti. Kisha mchana mmoja simu ikaita. Alikuwa Rozi.

"Shikamoo mwalimu. Niko ofisini. Kisanduku kimetokea."

"Marahaba. Kisanduku gani?"

"Kile cha kabla ya kula. Nimeandika orodha ya wachuuzi wapya, nimeisipara kwa jina Orodha, ndipo kikaja. Ningebonyeza Ja kama ulivyotufundisha. Ila mwenyekiti amesimama hapa, na humu ndani kuna orodha ya zamani yenye majina ya wanachama wote wa visiwani, na nakala nyingine hatuna. Nimeogopa. Nibonyeze?"

Kinywa cha Agnetha kilikwisha kuanza kusema bonyeza cha kwanza. Kilizoea.

"Subiri," alisema. "Usiguse kitu. Kinasema nini?"

"Sijui kinasema nini, mwalimu. Hukuwahi kutuambia."

"Nisomee herufi moja moja."

Rozi alisoma. Agnetha alirudia kwa sauti, na Elina, ambaye hakuambiwa, alisimama akachukua chaki akaziandika ubaoni. Filen finns redan. Vill du ersätta den? Koku alitazama ubao akaingiza kwenye simu yake.

"Inasema, faili hili lipo tayari. Unataka kuweka hili jipya mahali pake?"

"Na Ja?"

"Ja ni ndiyo."

"Na kitufe cha pili, kile cha Nej?"

"Hapana."

Nje mtu alikuwa akipita na baiskeli ya ndizi, mnyororo ukilia.

"Rozi," alisema Agnetha, "bonyeza cha pili. Kikiondoka, ipe orodha yako jina jingine."

Walisubiri.

"Kimeondoka. Majina yapo, mwalimu. Yote yapo. Mwenyekiti anasema asante sana."

Agnetha alikata simu akaiweka mezani. Hakugeuka haraka. Elina alikuwa bado amesimama ubaoni na chaki mkononi, akiyasoma maneno aliyoyaandika kwa mwandiko wake mwenyewe, akiyalinganisha na ya Kiswahili ambayo Koku alikuwa ameyataja.

"Mwalimu, kumbe inauliza."

"Inauliza."

"Hata siku ile ya barua yangu?"

"Hata siku ile."

"Halafu sisi tukasema ndiyo."

"Si ninyi, Elina. Ninyi hamkujua. Mimi ndiye niliyewaambia mseme ndiyo."

Agnetha aliona aibu mbele ya mtoto wa watu, aibu nzito kuliko ile ya Muleba, maana kule walimcheka na hapa hakuna aliyemcheka. Elina aliweka chaki pale ilipokuwa. Alivuta ndoo yake chini ya meza, akaibeba, akatoka.

Kisha akarudi. Hakumtazama mtu. Alifungua ndoo, akatoa mandazi mawili yaliyofungwa kwenye karatasi, yale aliyoyasipara tangu asubuhi kama kila siku, akayaweka mezani pembeni ya simu. Akasema, "Kesho, mwalimu," akaondoka.

Agnetha aliyatazama mpaka jioni ikaingia. Koku alimwambia ale, Mwesiga akaja kutoka jikoni akamwambia ale. Hakuweza kuyala.